Mashine ya kutotolesha mayai 64: inatotoa vizuri, ila kulea bado ni kazi ya kuku mama

Hii ni ile mashine ya plastiki ya mayai 64, yenye feni ndani na mfuniko unaoonesha, inayogeuza mayai yenyewe, mnaiona kwenye maduka ya vifaa vya mifugo hapa Mwanza kuanzia mitaa ya Soko Kuu mpaka Buzuruga na Igoma. Mimi niliichukua kwa laki tatu na ushee nikaipandisha Buswelu ninapofugia, na kwa kuwa nina kuku chotara wasiolalia na kuku wa kienyeji wanaolalia kila wakimaliza kutaga, nikawa naiendesha mashine huku na kuku mama naye yuko kwenye kiota chake, wote mayai ya banda moja. Kwa hiyo ninachosema hapa nimekiona vikiwa sambamba. Nunua kama umeme wako unaeleweka, itakutotolea vizuri kabisa, ila muuzaji akikwambia inachukua nafasi ya kuku mama usimkubalie, maana anachokuuzia ni joto na kugeuza mayai, na kuku mama ana mambo mengi zaidi ya hayo.

Kwanza kwa nini mtu anahitaji mashine. Ukifuga hao chotara, Kuroiler au Sasso, utasubiri mpaka uchoke, hawalalii, au akitokea mmoja anakaa siku mbili anaondoka. Wengine wanadhani ni ugonjwa au chakula, hapana. Kuku akishalalia hatagi, kila mfugaji analijua hilo, sasa wale waliotengeneza mbegu za biashara huko India na Ufaransa kizazi baada ya kizazi wamekuwa wakiwaacha majike yanayotaga bila kusimama, wale wanaopenda kung'ang'ania kiota wanatolewa kwenye mbegu, na silika ya kulalia ikawa inafifia kidogo kidogo mpaka ikabaki kama haipo. Kuku wetu wa kienyeji hakuna aliyemchagulia hivyo, yeye bado anafuata ya kuku wa porini wa kule Asia ya kusini mashariki ambako kuku wote walitokea, anataga mayai yake kumi na kitu afu anatulia juu yake. Kwa hiyo mwenye chotara mashine kwake ni lazima, wala sio anasa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kuku akianza kulalia utamjua tu, anatuna, manyoya yanasimama, analia ile sauti ya chini chini, ukipeleka mkono anakudonoa hata kama jana alikuwa mpole. Ndani ya mwili homoni ya prolaktini inapanda, hiyo hiyo inayoleta maziwa kwa mama aliyejifungua, manyoya ya tumboni yanapukutika ngozi inabaki wazi na damu inajaa pale ili joto liende moja kwa moja kwenye yai. Anatoka kama mara moja kwa siku, anakula haraka haraka, anakunywa, anatupa kile kinyesi kikubwa chenye harufu kali, anarudi. Anapungua uzito kabisa na hajali. Na anageuza mayai kwa mdomo mara nyingi usiku na mchana, hakuna aliyemfundisha, hata tembe anayelalia kwa mara ya kwanza anageuza vile vile.

Mashine hapo naipa alama zake. Inageuza kila baada ya saa mbili bila kusahau, na ukitaka kujua kwa nini hiyo ni muhimu, yai lisipogeuzwa kijusi kinagandia kwenye ganda la upande mmoja na kifaranga kinafia humo humo. Mtu mwenye mashine za mkono anayesema atageuza mwenyewe asubuhi na jioni ajue kuku anamzidi mbali.

Kuna kitu kimoja cha kuku kuhusu mayai ambacho kinanishangaza mpaka leo. Yai likiteleza nje ya kiota anatoa shingo, analiweka chini ya kidevu analivuta polepole mpaka lirudi. Mwaka 1938 Konrad Lorenz wa Austria na Nikolaas Tinbergen wa Uholanzi waliandika kuhusu bata bukini wanaofanya hivyo hivyo, wakaonesha kwamba ukiliondoa yai wakati bata ameshaanza kuvuta anaendelea kuvuta hewa mpaka mwisho, yaani kile kitendo kikishawashwa kinakwenda chote chenyewe. Wawili hao na Karl von Frisch wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Na kwa kuku utaliona hilo bila maabara, atalalia jiwe la mviringo kutoka mlimani, atalalia mayai viza, atalalia mayai ya bata. Kuna mama kule Igombe huwa anawekea kuku mayai ya bata, yanachukua siku nyingi kuliko ya kuku lakini kuku haondoki, maana hahesabu siku, anangoja sauti ya vifaranga na mguso wao chini ya tumbo. Vikishatoka anavitembeza ufukweni, na vile vitoto vikiona ziwa vinaingia moja kwa moja vinaogelea huku kuku amebaki kwenye mchanga anapiga kelele anakimbia huku na huku. Bata hawakufundishwa maji na mama yao hajui maji, kila mmoja anafuata ya kwake aliyozaliwa nayo. Nimesimama pale nikaangalia na nawaambia inagusa, yule kuku anateseka kweli.

Turudi kwenye mashine, hapa kuna tatizo na nataka wanunuzi mlijue. Kabla sijaweka yai hata moja niliiwasha tupu nikaweka ndani kipimajoto kingine cha kuaminika usawa wa mayai, mashine ikawa inasoma 37.8 na ndani ni 36.9. Kwa mashine ya feni yai la kuku linataka 37.5 mpaka 37.8, ukishuka karibu nyuzi moja siku zote 21 vifaranga vinachelewa na vinatoka vidhaifu, na ukizidi ni mbaya zaidi kwa sababu joto la juu linaua haraka kuliko baridi. Nikarudi dukani wakaniambia zote ndivyo zilivyo. Kuna kitufe cha kurekebisha usomaji, nikarekebisha, ikakaa sawa mpaka leo, lakini maelezo yake yako kwa Kichina na muuzaji mwenyewe hakukijua hicho kitufe, sasa fikiria mama aliyekopa hela ya kikoba akanunua mashine hii akaamini namba anayoiona, anapoteza trei mbili za mayai na hajui kilichoyaharibu ni nini. Duka linalouza kitu cha kubeba uhai linatakiwa lijue kinavyofanya kazi, hili nalisema kwa uchungu.

Unyevu sio mbaya. Kuna mfereji wa maji chini, asilimia 50 mpaka 55 siku 18 za mwanzo, afu unazima kugeuza unapandisha mpaka 65 au 70 siku tatu za mwisho. Kiangazi maji yanaisha haraka, angalia kila siku.

Umeme ndo hofu ya wengi. Ukikatika funga mashine usifungue fungue, funika na blanketi, acha tundu la hewa. Kukatika kwa nusu saa au saa moja hivi usipagawe, kuku mwenyewe si anatoka kiotoni kila siku mayai yanapoa kidogo anarudi, kijusi kimezoea hilo tangu enzi na enzi. Ikikatika nusu siku hapo ndo shida. Hii niliyonunua ina sehemu ya kuchomeka betri ya volti 12 na imeniokoa, kuna nyingine zinafanana nayo kabisa ila hazina.

Siku za kutotoa ndo siku ninazozipenda kuliko zote. Siku ya 19, ya 20 weka sikio kwenye yai utasikia kifaranga kinalia humo ndani kabla hakijatoboa ganda. Kuku mama anasikia na anajibu, ule mlio wa chini laini ambao hautoi wakati mwingine wowote, na vifaranga vinamjibu, kwa hiyo wakati yai linapasuka hawa watu wameshazoeana sauti. Kifaranga kina kijino kidogo kigumu juu ya mdomo cha kuvunjia ganda, kinadondoka chenyewe baadaye, na kinajua kujizungusha humo ndani kikikata ganda duara bila kuona. Usikisaidie, wengi wanaharibu hapo, wanamenya ganda damu inatoka. Kwenye mashine kinatoka vizuri ila kinachosikia ni feni tu. Na kikitoka hakihitaji chakula siku mbili hivi za mwanzo maana kiini kilichobaki kimeingia tumboni, ndo maana vifaranga vya siku moja vinaweza kusafirishwa kwenye maboksi kwa basi vikafika vizima.

Kwa kutotoa naipa 8 kati ya 10. Ya kwangu inatoa zaidi ya robo tatu ya mayai yenye mbegu, kuku wa kienyeji mzuri anaizidi kidogo ila yeye anabeba 12 au 15 tu.

Baada ya hapo ndo maoni yangu na ya muuzaji yanaachana.

Kifaranga cha mashine kinakuja na vitu vingi kichwani. Kinadonoa, na kinadonoa kitu kidogo kinachong'aa au kinachotambaa. Kinaparua sakafu ya saruji ambayo haina hata punje. Mwingereza Douglas Spalding aliandika mwaka 1873 jinsi alivyofunika macho ya vifaranga tangu vinatoka, akawafunua baada ya siku chache, vikawa vinafuata wadudu kwa macho na kuwadonoa kwa shabaha bila kuwahi kuona kitu maishani. Na alisema pia kwamba vinafuata kitu cha kwanza kinachotembea mbele yao, jambo ambalo Lorenz alikuja kulifanyia kazi sana kwa bata bukini waliokuwa wanamfuata yeye kama mama yao. Mimi vya mashine vilimfuata mwanangu, popote anapokwenda na ndoo yake kundi liko nyuma, majirani wanafurahi wanapiga picha, lakini kwa mfugaji hiyo ni hasara inakuja, maana mtoto anatoka getini anaenda barabarani na wao wanatoka, na mtoto hawezi kuwaambia mwewe anakuja.

Mwewe wa Mwanza mnawajua wenyewe. Pale Mwaloni Kirumba wanazunguka juu ya dagaa kutwa nzima, na huku Buswelu wanashuka kwenye mabanda. Kuku mama ana milio miwili tofauti ya hatari, akiona kitu angani anatoa mlio mmoja na vifaranga vinalala chini kimya au vinaingia kwenye majani, akiona mbwa au kenge anatokea kwenye mawe anatoa mwingine wa kelele nyingi na yeye mwenyewe anasimama kupigana. Vifaranga vinazaliwa vikiwa tayari kuitikia ile sauti, masikio yao yanaingoja, na kwenye bruda, yaani kile chumba cha joto cha kulelea vifaranga bila mama, haiji. Hapo ndo niliona vya mashine vinabaki vimesimama katikati ya uwanja vikiangalia kivuli. Na chakula vile vile, mama anadonoa kitu anakiangusha anaita, vinakuja kula alichoonesha. Watafiti wa Bristol Uingereza mwaka 1996 walionesha kwamba kuku mama akiona vifaranga vinakula chakula ambacho yeye anakijua ni kibaya, anazidisha kudonoa na kuparua kwenye kile kizuri ili awavute. Sasa hiyo hakuna kitufe chake.

Naomba niseme na la binadamu maana ndo lililonifanya nifikirie hii mashine kwa undani. Daktari mmoja wa Paris, Stéphane Tarnier, aliona mashine za kutotolesha kuku kwenye bustani ya wanyama ya jiji hilo akamwomba aliyezitengeneza amtengenezee ya watoto wachanga, ikaanza kutumika hospitali ya uzazi mwaka 1880, na watoto njiti waliokuwa wanakufa kwa baridi wakaanza kupona. Yaani ile inkubeta ya hospitali ilitoka kwa kuku. Ni kitu kikubwa kimeokoa watoto wengi sana na sitaki mtu asome hapa akadhani naipinga. Ila karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1978, kule Bogotá Colombia ambako inkubeta hazikutosha, daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka watoto njiti kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na ikaonekana mtoto anapata joto, ananyonya, anatulia. Ndo hii tunayoita kangaruu kwenye hospitali zetu. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu, watoto waliowekwa kifuani mapema mara baada ya kuzaliwa vifo vilipungua kwa robo ukilinganisha na wale waliosubiri kwanza mpaka hali itulie, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza ianze mara moja.

Dada yangu alijifungua njiti hapa mjini, alifungwa kitenge na mtoto yuko kifuani, nikiingia kumwona nakuta yule mtoto mdogo vile kichwa kinatafuta. Ukimgusa shavu anageuza mdomo upande huo, ukiweka kidole kiganjani anakamata kwa nguvu usizozitegemea, ukigonga kitu anarusha mikono kama anataka kushika mtu asidondoke. Hajafundishwa chochote. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati akilazwa tumboni kwa mama anaweza kujisogeza mwenyewe taratibu mpaka kwenye titi. Na mama naye mtoto akilia maziwa yanashuka kabla hajafikiria. Nusu ya silika iko kwa mtoto na nusu iko kwa mama, zinatakiwa zikutane, na ukitoa upande mmoja ule mwingine unabaki unatafuta hewani.

Kwa hiyo mimi navyofanya sasa ni hivi, na ndo ninavyomshauri yeyote mwenye hii mashine. Naangalia kuku wa kienyeji ameanza kulalia, namwekea mayai machache ya kushikia, na mashine naiwasha siku hiyo hiyo na yale mengi. Siku ya 21 vifaranga vya mashine vikishakauka nasubiri usiku, giza kabisa, naingiza kimoja kimoja chini ya mbawa zake bila tochi ya kumulika usoni. Vinalia chini yake, anavisikia, anajibu ule mlio wake, asubuhi anaamka ni vya kwake vyote. Visizidi vile anavyoweza kufunika, 15 hivi inatosha, na visizidi umri wa siku mbili maana vikishazoea kufuata watu havimsikilizi tena. Ukijaribu mchana anaweza kuvidonoa akaviua. Vinavyobaki vinaenda bruda ya mkaa na hivyo sivitoi nje mpaka viwe vikubwa. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, inabaki pale pale, silika haizuii kideri.

Tangu nianze hivyo mwewe anapata vichache sana, na hata gharama ya mkaa imeshuka.

Mambo madogo ya mashine yenyewe: feni ina kelele ila unazoea, trei ya kugeuzia ni ya plastiki nyepesi ukiosha isuguliwe taratibu, waya wake ni mfupi, plagi iliyokuja nayo sio ya kwetu nikabadilisha. Kusafisha ni rahisi, na usafishe kweli kila baada ya kutotoa, yale magamba na manyoya yakibaki na joto lile mayai yanayofuata yanaoza.

Mtakaoenda kununua, waambieni waiwashe pale pale dukani muisubiri ifike 37.5, nenda na kipimajoto chako kiweke ndani ulinganishe, zima umeme uone kama inahamia kwenye betri yenyewe, na mwambie muuzaji akuoneshe kitufe cha kurekebisha joto, asipokijua nenda duka lingine.